Je, Sinema ya The Martian Yaweza Kusadikiwa?

Kuna watu wasemao kwamba sinema ni mchezo tu, na kwamba mtu anayekaa kuhesabu makosa yake huwaharibia wenzake starehe. Mimi simo katika kundi hilo. Sinema ya kubuni mambo ya sayansi haituombi tucheke na kuhuzunika tu. Inatuomba pia tusadiki kwamba jambo fulani laweza kutendeka. Basi ikiwa yatuomba tusadiki, nasi tuna haki ya kuuliza, kama mnunuzi alivyo na haki ya kugonga chungu kabla hajatoa fedha yake.

Muhula huu Chama cha Sayansi kilituonyesha ukumbini sinema iitwayo The Martian, iliyotengenezwa mwaka 2015 na Ridley Scott. Kwa faida ya wazazi ambao hawakuiona, nitaieleza kwa ufupi. Wanaanga sita wa Marekani wapo katika sayari ya Mirihi, katika mwaka 2035. Inatokea dhoruba kubwa ya vumbi, roketi yao ya kuondokea inaanza kuinama, nao wanalazimika kukimbia kabla haijaanguka. Mmoja wao, Mark Watney, anapigwa na chuma kilichong'olewa na upepo. Wenzake wanadhani amekufa, wanaondoka. Kumbe yu hai. Yupo peke yake katika banda lisilojengwa kwa kukaa miaka, chakula chake ni cha kuhesabu, chombo cha kuzungumza na dunia kimevunjika, na watu wa kumwokoa hawawezi kufika upesi. Elimu aliyosomea ni elimu ya mimea. Basi anaamua kulima viazi.

Kesho yake hapakuwa na habari nyingine bwaloni. Wengine waliapa kwamba yote ni kweli, kwa kuwa watengenezaji walisaidiwa na NASA, shirika la anga la Marekani. Wengine walisema yote ni uongo tangu dakika ya kwanza. Katika kelele hizo mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniuliza kwa adabu, "Kaka, sasa ipi kweli na ipi uongo?" Swali hilo lilikuwa zuri kupita maneno yote yaliyosemwa siku ile, na hakuna aliyekuwa amekaa akahesabu.

Ndipo Chama cha Majadiliano kilipochukua jambo hili kuwa hoja ya jioni ya Kiswahili: "Sinema hii yadanganya, nayo haifai kuonyeshwa wanafunzi." Haikuwa hoja ya kupitishia wakati. Mwalimu mlezi wa Chama cha Sayansi alikwisha kutangaza kwamba hoja ikipita, Jumamosi zilizosalia mwaka huu zitakuwa za filamu za masomo peke yake. Mimi niliwekwa upande wa kupinga, yaani upande wa kuitetea sinema, na tulipewa siku tano za kujitayarisha.

Tulianza na dhoruba, maana tulijua adui angeanzia hapo. Mirihi ina hewa, lakini ni hafifu mno. Mgandamizo wake haufiki hata sehemu moja katika mia ya huu wetu wa pwani. Hapa kwetu mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo 1.2 hivi. Kule ni gramu 20 tu, yaani sehemu moja katika sitini. Andy Weir, aliyetunga kitabu ambacho sinema imetoka humo, anataja upepo wa kilomita 175 kwa saa. Ukisikia mwendo huo unaona mabati yakiruka. Lakini nguvu ya upepo hufuata uzito wa hewa pamoja na mraba wa mwendo. Tukapiga hesabu ubaoni: kipeuo cha pili cha sitini ni karibu 7.7, na 175 ukigawanya kwa hiyo unapata kilomita 23 kwa saa. Huo ndio upepo ambao mtu wa hapa angeuhisi. Unatikisa matawi madogo na kupeperusha shati kwenye kamba. Hauangushi roketi, wala hauchomi mtu kwa chuma.

Msemaji wa kwanza wa upande wa hoja alikuja na hesabu hiyo hiyo, na aliieleza vizuri kuliko tulivyoifanya sisi. Akamaliza kwa kusema, "Bwana Mwenyekiti, nyumba iliyojengwa bila msingi haina haja ya kukaguliwa madirisha." Alipigiwa makofi mengi sana.

Nilipoinuka sikubisha. Nilisema dhoruba hiyo haiwezekani, na kwamba mtunzi mwenyewe amekiri hadharani kwamba alijua hivyo alipokuwa akiandika. Alitaka sayari yenyewe iwe ndiyo inayompiga mtu, si mtambo ulioharibika. Nikauliza kama ni haki kumhukumu mtu kwa uongo wa namna hiyo sawasawa na uongo mwingine. Mimi nasadiki si haki. Uongo wa dhoruba unamtia Watney katika taabu, haumtoi. Kila msimulizi hupewa ruhusa ya jambo moja mlangoni: "Hapo kale sungura alisema," na hakuna bibi anayekatizwa hapo na wajukuu. Lakini sungura akizidiwa, kisha akaota mabawa ghafula ili aruke, hata mtoto wa miaka mitano atalalamika. Ndiyo maana mimi nilitaka tuangalie zaidi mahali ambapo Watney anaokoka. Je, anaokoka kwa elimu au kwa mabawa?

Tuchukue maji. Viazi havioti bila maji, naye hana ya kutosha. Anachukua haidrazini, mafuta ya roketi yaliyobaki, anayapitisha juu ya madini ya iridiamu, nayo yanavunjika kuwa naitrojeni na haidrojeni. Kisha anaichoma haidrojeni katika oksijeni, anapata maji. Hili ni jambo la kweli; vyombo vya angani hutumia haidrazini na iridiamu kwa kazi zao za kujisukuma. Tena hesabu yake imo ndani ya uwezo wa mwanafunzi yeyote wa Kidato cha Tatu: gramu 32 za haidrazini zatoa gramu 4 za haidrojeni, nazo zatoa gramu 36 za maji. Maana yake kilo moja ya mafuta yale huleta zaidi kidogo ya kilo moja ya maji, mradi oksijeni ipo. Jaribio lake la kwanza linalipuka na kumtupa chini, na hapo nilisikia wale wa maabara wakicheka kwa kujua. Haidrazini ni sumu kali, na sinema inalipita jambo hilo harakaharaka, lakini kemia yenyewe imesimama.

Oksijeni nayo aipata kwa mtambo unaoivuta kutoka katika hewa ya Mirihi, ambayo kwa sehemu kubwa ni kaboni dayoksaidi. Sinema ilipotoka mwaka 2015 hapakuwa na mtambo wa namna hiyo uliokwisha kufanya kazi kule. Mwaka 2021 chombo Perseverance kilitua Mirihi kikiwa na mtambo mdogo uitwao MOXIE, nao ukafanya kazi hiyo hasa. Mpaka ulipomaliza majaribio yake mwaka 2023 ulikuwa umetoa gramu 122 kwa jumla. Mtu mmoja huhitaji kama gramu 840 kwa siku, kwa hiyo oksijeni yote ile ingemtosha Watney saa tatu na nusu. Ni kidogo, lakini njia ni ile ile.

Jambo lililonipendeza kuliko yote ni la barua. Watney anafukua chombo cha zamani, Pathfinder, ambacho kweli kilitua Mirihi tarehe 4 Julai 1997 na kunyamaza Septemba mwaka ule ule. Kina kamera inayozunguka, na watu wa duniani wanaweza kuielekeza. Anataka kuweka kadi za herufi kwa duara ili kamera imwonyeshe herufi moja moja. Lakini herufi 26 pamoja na kadi ya kuuliza zinaacha nyuzi 13 tu kati ya kadi na kadi. Kamera ikikosea kidogo maneno yanaharibika. Basi anatumia alama 16 peke yake, zile za hesabu za kompyuta, ambazo mbili mbili zaweza kuwakilisha kila herufi. Sasa nafasi ni nyuzi 22 na nusu. Hakuna mtambo mpya aliobuniwa hapo, wala bahati. Ni mtu aliyegawanya 360 kwa namba ndogo zaidi. Niliposema hivyo ukumbi ulitulia, nami nikadhani tumekwisha kushinda.

Ndipo akainuka kijana wa Kidato cha Tatu, mtoto wa mkulima kutoka Njombe. Si msemaji; alishika kiti cha mbele yake muda wote. Alisema hivi: "Bwana Mwenyekiti, mimi sijui roketi. Ninajua viazi."

Akaanza kwa kuisifu sinema. Alisema kiazi kilichovunwa leo hakioti kesho. Hulala kwanza, na mbegu nzuri ni ile iliyokaa ghalani miezi miwili mitatu hata macho yakaamka. Viazi vya Watney vilikuwa vya kuliwa sikukuu, navyo vilisafiri miezi kutoka duniani, kwa hiyo vilikuwa vimelala vya kutosha. Kukata kiazi vipande na kuacha jicho katika kila kipande ndivyo wafanyavyo hata kwao mbegu ikiwa haba. Ila, akasema, kama vilifungwa katika nailoni isiyo na hewa, hapo pana mashaka, maana kiazi hupumua, na gunia la nailoni huozesha.

Kisha akaja kwenye hesabu. Shamba la kwao likitunzwa vizuri, lenye mbolea na dawa, hutoa tani 20 kwa hekta, yaani kilo 2 kwa kila mita ya mraba. Kitabu kinasema banda lilikuwa la mita za mraba 92. Hizo ni kilo 184. Mtu mzima asiye na kingine cha kula anahitaji kama kilo 3 za viazi kwa siku. Mavuno yote yanakwisha kwa siku 61, na mavuno mengine yanataka miezi mitatu au minne. "Kwa hiyo viazi peke yake vingemwua," akasema, "lakini vikichanganywa na chakula kilichoachwa na wenzake watano vinaweza kumvusha." Mpaka hapo tulimwona kama ndugu yetu.

Halafu akauliza, "Jua liko wapi?" Ukumbi mzima ukanyamaza. Akaendelea kusema kwamba viazi vile vilipandwa ndani ya banda lisilopitisha mwanga, chini ya taa za kuishia watu. Kwao hata kivuli cha mti mmoja ukingoni mwa shamba huonekana wakati wa kuvuna. Taa za darasani hutoa mwanga wa labda luksi 500. Jua la mchana hutoa 100,000. Nje ya banda jua la Mirihi ni chini ya nusu ya hili letu, na mitambo inayolidaka kuwa umeme hupoteza sehemu kubwa. "Kiazi hakili mbolea, Bwana Mwenyekiti. Kiazi hula jua." Kisha akakaa.

Lazima niseme kwamba katika watu wote waliosema usiku ule yeye ndiye aliyeigonga sinema mahali penye ufa, naye alifanya hivyo bila kitabu. Msaidizi wangu alijaribu kumjibu kwa kutaja udongo. Alisema kweli kwamba mwaka 2008 chombo Phoenix kilikuta katika udongo wa Mirihi chumvi ya perikloreti, ambayo ni mbaya kwa afya, na kwamba inaweza kuoshwa kwa maji. Akataja pia Kituo cha Kimataifa cha Viazi kilichoko Lima, Peru, ambacho tangu mwaka 2016 kilijaribu kupanda viazi katika udongo wa jangwa la kwao katika hali inayofanana na ya Mirihi, na baadhi vikaota. Habari hiyo ni nzuri, lakini haikuwa jibu la taa.

Zilitolewa hoja nyingine ndogo. Mmoja alisema uzito wa mtu kule ni asilimia 38 ya uzito wake wa hapa, na bado wanaanga wale wanatembea kama watu waendao gengeni. Hiyo naisamehe, waigizaji walikuwa katika jangwa la Wadi Rum nchini Yordani, na nchi ile haiwezi kupunguza mvutano kwa ajili ya sinema. Mwingine alitaja mwisho, ambapo Watney anatoboa glavu yake ili hewa inayotoka imsukume kuelekea kwa waokoaji. Katika kitabu wazo hilo linatajwa na kukataliwa. Ni watu wa sinema waliolifufua. Hayo ndiyo mabawa ya sungura niliyosema, nami sikuyatetea hata kidogo.

Pigo zito lilikuja mwishoni, kutoka kwa kijana wa Kidato cha Pili. Kwanza alieleza habari ya nailoni. Mlango wa banda unapolipuka, Watney anaziba tundu kwa karatasi ya nailoni na utepe wa gundi, kisha tunaiona ikipepea kwa upepo wa usiku. Hewa ya ndani ikiwa kama yetu, kila mita ya mraba ya nailoni ile inasukumwa nje kwa tani 10. Tundu la mita mbili za mraba ni lori zima la tani 20 limeegeshwa juu ya nailoni. Mtu wa upande wetu alipaza sauti kwamba wanaanga wa Apollo mwaka 1969 walitumia oksijeni tupu yenye mgandamizo wa theluthi moja tu. "Vema," akajibu, "basi ni tani 7. Ndugu yangu ataegesha tani 7 juu ya utepe wa gundi?" Watu walicheka mpaka Mwenyekiti akagonga meza.

Lakini aliyoyasema baada ya hapo hayakuchekesha. Alitukumbusha kwamba ili aondoke Mirihi, Watney anapunguza uzito wa roketi kwa kung'oa pua yake yote, na mahali pake anafunga turubai. Anaruka nayo hivyo hivyo. Wataalamu wanaeleza kwamba jambo hilo linawezekana kwa sababu hewa ya Mirihi ni hafifu. "Bwana Mwenyekiti, mwanzo wa sinema hewa ni nzito kiasi cha kuangusha roketi iliyosimama. Mwisho wa sinema, hewa ni nyepesi kiasi kwamba roketi iendayo mbio inafunikwa turubai. Ni sayari moja au mbili?"

Hoja hiyo sikuijibu, wala mpaka leo sina jibu. Tangu jioni ile nimeifikiria mara nyingi wakati wa kujisomea usiku, nami naona yule kijana aligusa tofauti ambayo sisi wote tulikuwa tukiizunguka. Sinema kuachana na sayansi yetu ni jambo dogo. Ingeweza kutuambia kwamba Mirihi yake ina hewa nzito, tukakubali. Ila ikisha kutuambia, imefungwa na neno lake. Ikiwa hewa ni nzito, turubai lichanike. Ikiwa ni nyepesi, roketi isimame, na Watney aende nyumbani na wenzake siku ile ile. Ule ruhusa wa mlangoni niliouombea haki ulikuwa wa jambo moja, na sinema iliutumia kwa sheria mbili zinazogombana.

Hata hivyo hoja ilishindwa. Kura zilipigwa kwa kuinua mikono na upande wetu ukapita kwa kura chache. Ningependa kuandika kwamba tulishinda kwa haidrazini na nyuzi 22 na nusu, lakini niliitazama mikono ile, na mingi ilikuwa ya watu waliotaka tu sinema ziendelee Jumamosi. Kwa upande wa hoja zenyewe, mimi ningewapa ushindi kijana wa Njombe na yule wa turubai. Mtunzi angekuwapo nadhani angewapa pia, kwa maana kabla kitabu hakijachapwa aliitoa hadithi yake sura kwa sura, na wasomaji walikuwa wakimwandikia kumsahihisha kemia, naye alisahihisha.

Mdogo wetu wa Kidato cha Kwanza alikuja tena bwenini baada ya kura na daftari lake. Tulipitia sinema yote pamoja: kemia ya maji, ndiyo, mtambo wa oksijeni, ndiyo, barua kwa kamera, ndiyo, dhoruba, hapana, nailoni, hapana, glavu, hapana, viazi, tuliacha nafasi wazi.

Kwa ajili ya nafasi hiyo tuliomba ndoo mbili kuukuu jikoni. Kijana wa Njombe alichagua mbegu mwenyewe, vipande vyenye macho mawili mawili, na udongo na samadi sawasawa katika zote. Moja iko nje nyuma ya maabara. Nyingine iko katika stoo ya maabara, dirisha limezibwa, taa inawaka kama darasani saa kumi na mbili kila siku. Gazeti hili lilipokuwa likipelekwa kupigwa chapa zilikuwa zimetimiza wiki tano. Shina la nje lilikuwa fupi, nene, lenye majani ya kijani kibichi. La stoo lilikuwa refu zaidi ya lile kwa sentimita 21, jembamba, jeupe kama uzi, limeinamia kwenye taa. Sisi wa Kidato cha Nne tutakuwa katika mitihani zitakapofukuliwa, kwa hiyo mizani na daftari tumewakabidhi Kidato cha Tatu.